Koti la Mwimbaji wa Sauti ya Tatu

Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi niliamini kwamba mimi pia ndiye mwimbaji bora wa sauti ya tatu katika Johannesburg nzima. Kuhusu ufundi nilikuwa na ushahidi: wateja walirudi. Kuhusu uimbaji sikuwa na ushahidi wowote, ila hakuna aliyewahi kunipinga, na mtu asiyepingwa huvimba kichwa. Nimelelewa Tukuyu, mahali ambapo mtoto hufundishwa nota za kwaya karibu sawa na kutembea, na nilipohamia Afrika Kusini nilikuja na mkasi wa marehemu baba na sauti yangu. Nayasema haya mapema ili ujue ni mtu wa namna gani anayekusimulia.

Mwaka 2016 duka langu lilikuwa nusu ya chumba kwenye barabara kuu ya Kensington. Nusu ya pili ilikuwa ya dada mmoja msusi kutoka Lubumbashi. Tulitenganishwa na pazia la maua ambalo halikuzuia chochote: yeye alisikia wateja wangu wakidanganya kuhusu viuno vyao, mimi nilisikia wateja wake wakisema ukweli kuhusu waume zao. Tuliimba pia kwaya moja. Kila Jumamosi mchana sisi Waswahili wa upande ule, Wakongo wengi, Wakenya kadhaa, Warundi na Watanzania wa kuhesabika, tulikutana katika ukumbi wa kanisa usio mbali na duka. Mwalimu wetu alikuwa mama Mkenya aliyefanya kazi benki, mkali, asiyependa mtu kuchelewa hata kwa pumzi moja.

Ukutani juu ya cherehani nilikuwa nimebandika karatasi ya wimbo tuliokuwa tukijifunza. Haikuwa na ile mistari mitano yenye vichwa vyeusi wanayosoma wapiga piano. Ilikuwa na nota za herufi, zile zetu za makanisani, d, r, m, f, s, zenye nukta na vipigo katikati. Nilikuwa nikishona huku nakariri sehemu yangu.

Asubuhi moja aliingia mzee wa Kizungu, mrefu, karibu miaka themanini, amebeba koti jeusi ndani ya mfuko wa nailoni. Hakunisalimu. Alisimama mbele ya ule ukuta, akavaa miwani, akaanza kuimba. Aliimba mstari wangu, sauti ya tatu, kutoka kwenye herufi zile zile, bila maneno, bila kutafuta, mpaka mwisho wa ukurasa. Hakupaza sauti. Nyuma ya pazia dada alizima mashine ya kukaushia nywele.

"Nani alikufundisha hizo?" nilimuuliza, nikasahau hata kumkaribisha kiti. Tulizungumza Kiingereza, siku ile na siku zote.

"Kanisani kwetu, nikiwa na miaka sita," akasema. "Wales."

Dada alichungulia pembeni ya pazia. "Fundi," akaniambia kwa Kiswahili chao, "huyu Mwingereza iko na sauti ya kweli, vraiment!"

Mimi, kwa wema wangu, nikamtafsiria mzee kwamba dada anasema Waingereza wana sauti nzuri. Uso ulimbadilika rangi. Alisema, polepole na kwa herufi zote, kwamba yeye si Mwingereza, hajawahi kuwa, na mama yake hakujua Kiingereza mpaka alipoanza shule. Nilimwelewa mara moja. Mimi huitwa Mmalawi mjini hapa mara mbili kwa wiki.

Basi akatoa koti. Lilikuwa koti la mkia, fupi mbele, refu nyuma hadi karibu na magoti, lile wanalovaa waimbaji wanaposimama mbele ya okestra. Mabega yalikuwa yamempita, tumbo lilikuwa limeyazidi mapindo. Alitaka limkae sawa kabla ya Jumapili moja ya Novemba. Chama cha waimbaji wa Kensington, wazee wenzake wengi wao, walikuwa wakiandaa kazi kubwa ya kwaya na okestra ndogo, na walikuwa wamemwomba aimbe sehemu ya pekee ya sauti ya tatu.

Halafu akaniambia jambo ambalo mteja hana haja ya kumwambia fundi. Miaka tisa nyuma alikuwa akiimba katika ukumbi mmoja wa mjini. Katikati ya wimbo pumzi ilimwishia kabla ya sentensi. Akarudia, ikamwishia tena. Akainama kidogo, akatoka jukwaani huku okestra ikiendelea kupiga kwa sababu hawakujua wafanye nini. Tangu siku ile hakuwa amefungua mdomo mbele ya watu.

"Siombi kuimba kama zamani," alisema. "Naomba tu mara ya mwisho isiwe ile."

Nilichukua futi kamba. Baba alinifundisha kwamba mwanaume akipimwa koti hujaza kifua ili aonekane dume, kisha akifika nyumbani koti humning'inia. Kwa hiyo kwetu mteja huambiwa: simama wima, toa pumzi yote, tulia. Hapo ndipo fundi anapata kifua cha kweli. Nilimwambia hivyo mzee, akatii, nikaandika mia moja na moja. Nilijisifu kimoyomoyo kwa jinsi nilivyopima haraka.

Jioni ile nilianza kufumua koti, na koti likaanza kuongea. Mtu asiyeshona hawezi kujua, lakini kitambaa hakisahau sindano. Nilikuta safu tatu za matundu madogo mgongoni na kwapani, mafundi watatu walionitangulia. Safu ya kwanza ilikuwa ya kijana mwembamba sana. Ya pili ilimpanua. Ya tatu ilimrudisha nyuma, mishono ya haraka. Na mfuko wa ndani upande wa kushoto, bitana yake ilikuwa nyeusi kwa kusuguliwa na penseli.

Mzee alipokuja kujaribisha, nilimuuliza. Hivyo ndivyo nilivyoyapata maisha yake, mshono kwa mshono, yeye amesimama na mimi nina pini mdomoni.

Koti lilinunuliwa na waumini wa kanisa lao, kila nyumba ilitoa chochote, alipopata nafasi ya kusoma muziki London. Kabla ya hapo alikuwa akigawa mikate kwa gari la farasi katika bonde la wachimba makaa ya mawe, akiimba mlango hadi mlango. Baba yake alikuwa ameshaacha mgodi kwa sababu ya vumbi lililojaa mapafuni. Alikuwa akikaa kwenye kiti jikoni na kumwambia mwanawe aimbe sentensi moja ndefu bila kukata, na yeye huku akijaribu kushika pumzi yake pamoja naye. Hakuwahi kufika mwisho. Kijana akifika, baba alicheka kana kwamba wamefika wote.

Alishinda mashindano makubwa ya uimbaji ya kwao, yale ambamo washairi na waimbaji hupewa heshima kuliko wanasiasa. Kisha London, kisha kampuni ya opera, miaka kumi na moja. Nilidhani alikuwa shujaa wa jukwaa. Akacheka. Alikuwa mtumishi anayeingia kusema kwamba mgeni amefika. Alikuwa mlinzi wa gereza, kasisi mzee, mlevi wa pili. Mara moja tu mwimbaji mkubwa aliugua koo saa mbili kabla ya pazia kufunguliwa, na yeye akavalishwa mavazi yaliyomfikia puani, akaimba sehemu yote ya mpenzi. Watu walimpigia makofi wamesimama. Kesho yake yule mkubwa akapona.

Na ile penseli? Hapo alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mwingine ila dada, ambaye kama kawaida alikuwa akisikiliza. Chuoni walimfundisha kusoma mistari mitano, lakini jicho lake halikuwahi kuiamini. Maisha yake yote, katika majumba yote yale yenye taa za kioo, alikuwa akijificha chooni na kuandika herufi za kanisani kwao juu ya kila nota, d, r, m, f, s, ndogo ndogo, na kabla ya kurudisha kitabu alizifuta.

"Na mimi nikaingia dukani kwako," akasema, "nikazikuta ukutani, peupe."

Nilifurahi sana kusikia hivyo, na sijui kwa nini nilijifanya kutafuta chaki.

Sehemu ya tatu ya maisha yake ilinipa shida, na sitaki kuipaka sukari. Miaka ya sabini aliitwa Johannesburg kuimba msimu mmoja, na safari hii si mtumishi, bali mpenzi, mfalme, shujaa mwenyewe. Wakati ule wanamuziki wa kwao walikuwa wamekubaliana wasije, kwa sababu ya ubaguzi. Yeye alikuja. Wenzake wakamgeuzia mgongo, akabaki huku, akaoa mpiga piano wa hapa hapa, akaimba miaka ishirini katika kumbi ambazo mtu mweusi aliingia kwa kufagia tu.

"Kwa hiyo mimi nisingeruhusiwa kukusikiliza," nikasema.

"Usingeruhusiwa."

"Na ulijua."

"Nilijua. Nilikosea, na nilikuwa na furaha. Vyote viwili ni kweli, na mpaka leo havijapatana."

Nilikasirika. Niliendelea kushona kwa sababu mikono haikujua kazi nyingine ya kufanya. Lakini nitasema pia kwamba watu wengi wa rika lake niliowashonea hapa, ukiwauliza, hawakujua lolote, hawakuona lolote, walikuwa likizo. Huyu angalau hakuwa likizo.

Kwenye kwaya yetu alianza kuja mwenyewe. Jumamosi moja nilimkuta amekaa safu ya nyuma, kati yangu na kijana wa Bujumbura, karatasi ya herufi mkononi. Dada alikuwa amemfundisha "shikamoo" na yeye akawa anaitoa kwa kila mtu, hata kwa watoto wa mwalimu, ambao walimjibu kwa Kiingereza kama wanavyotujibu sisi. Baada ya mazoezi nilimuuliza, kwa unyenyekevu wa uongo, anaionaje sauti yangu. Nilitegemea sifa.

"Una sauti nzuri," alisema. "Unaiimbia kooni, kama mtu anayeita teksi upande wa pili wa barabara."

Wakongo walicheka mpaka mwalimu akagonga meza. "Jamani, wacheni jokes! Fundi, umesikia? Mimi nimekuambia hiyo kitu mwaka mzima." Nyani haoni kundule, na mimi sikuwa nimeliona la kwangu. Lakini sikununa zaidi ya siku mbili. Chama cha wazee kilikuwa na upungufu wa wanaume, kama kwaya zote duniani, na kupitia mzee wakatuomba tuwaazime watu wanane. Mimi nilikuwa wa kwanza katika orodha.

Koti likaisha. Sijawahi kushona kitu kilichomkaa mtu namna ile. Mgongo ulilala bila hata kunyanzi moja, mikia ikaanguka sawia. Mzee alijitazama kwenye kioo akasema atafanya mazoezi nyumbani akiwa amelivaa kila siku, ili siku yenyewe pasiwe na kitu kigeni mwilini. Niliona wazo hilo ni la busara.

Baada ya wiki mbili alirudi na koti ndani ya mfuko wake wa nailoni. Alikuwa amezeeka. Aliliweka juu ya meza ya kupigia pasi, akalishika kidogo kwa kiganja.

"Mpe mtu yeyote linayemfaa," alisema. "Pumzi imekwisha. Mwanzoni nilidhani ni woga. Lakini kila siku inaisha mahali pale pale, nyumbani kwangu, hakuna anayenitazama." Alikuwa ameshapiga simu kwa kiongozi wa chama kuomba atafutwe mwingine. Kiongozi alimsihi afikirie hadi Jumapili. "Nimeshafikiria," alisema. "Nimekuja kwanza kwako kwa sababu umejitahidi."

Dada alitoka nyuma ya pazia na kitana mkononi. Alisema kwa Kiingereza chake kwamba hakubali. Amemsikia mzee akiimba pamoja na kwaya, amemsikia akinong'ona nota dukani, lakini wimbo wenyewe hajausikia, na sasa hatausikia kamwe? Mteja wake alikuwa kitini, nusu ya kichwa imesukwa, naye akaunga mkono. Mzee alikataa mara mbili. Mara ya tatu alisimama hapo hapo kati ya meza yangu na kioo cha saluni, mikono ya shati imekunjwa, akaimba.

Ilikuwa ile sentensi ndefu ya mwisho wa sehemu yake, ile iliyokuwa ikimshinda. Nilikuwa nyuma yake. Niliona shati likitanuka mgongoni, si kifuani, mgongoni, chini ya mabega, likajaa pande zote mbili, kisha likapungua taratibu, taratibu, na sauti haikukatika mpaka mwisho.

Yule mteja alipiga makofi. Mzee alitabasamu kwa huzuni. "Dukani ni rahisi," alisema. "Hakuna anayesikiliza."

"Na sisi?" dada aliuliza. "Sisi ni viti?"

Alimwomba radhi, akaaga, akaondoka. Nilikuwa nimeshaelewa. Nilikuwa nimempima mwimbaji akiwa hana pumzi, halafu nikamkatia koti la kumkaa hivyo hivyo. Pumzi yake ilikuwa nzima. Ilikosa mahali pa kwenda.

Ningeweza kumkimbilia barabarani. Hata hakuwa amefika kwenye taa. Badala yake nilikaa kwenye cherehani nikashona zipu ya suruali ya mtu mwingine. Siku ile ilikuwa Jumatano. Alhamisi nilijiambia kwamba huenda nimekosea, kwamba mzee wa miaka themanini ni mzee tu. Ijumaa nilijiambia kwamba fundi akianza kukiri makosa, wateja watasema nini. Mwenzangu mmoja aliwahi kuunguza suti ya bwana harusi na hakuwahi kukiri, na duka lake lina mabango mawili. Haya yote nilijiambia, na sikulala vizuri.

Jumamosi asubuhi dada alilishika lile koti lililokuwa limetundikwa, akalivaa mwenyewe juu ya aproni yake, akavuta pumzi. Likamkaba.

"Ile koti iko muzuri ya kuangalia," alisema bila kunitazama. "Lakini papa muzee anapumuaka wapi mule ndani?"

"Umejua lini?"

"Paka leo," akasema, yaani leo hii tu. "Na weye?"

Niliinamia cherehani. "Eish, fundi," akasema, na hilo lilinitosha. Nilichukua futi kamba nikatoka.

Nyumba ya mzee ilikuwa juu ya kilima, yenye ngazi nyingi za mawe. Alinifungulia akiwa na kikombe cha chai. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kuanzia, yote yakanipotea. "Mzee, si pumzi yako. Ni koti langu," nilisema hapo mlangoni. "Nilikupima vibaya. Na nimejua tangu Jumatano."

Nilitarajia acheke, kwa sababu ni mtu wa kucheka. Hakucheka.

"Tangu Jumatano," alisema. "Unajua nimefanya nini tangu Jumatano? Nimepanga vitabu vyangu vya nyimbo kwenye maboksi. Nimeyaandika kwa nje nani apewe nini." Aliniambia nikae, kisha akasimama dirishani akinipa mgongo, na sikuthubutu kukaa.

Nilimwomba ruhusa nimpime upya. Aliweka kikombe chini na kunyanyua mikono. Nilimwambia asitoe pumzi safari hii. Aimbe. Alianza sentensi ile, na nilipozungusha futi nikahisi mbavu zake za nyuma zikifunguka chini ya vidole vyangu. Mia moja na tisa. Sentimita nane. Nilimsomea namba hiyo kwa sauti, na hapo ndipo alipokaa chini na kufunika uso, na mabega yakaanza kumcheza. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na analia kidogo.

"Lakini wewe mwenyewe," nilimuuliza alipotulia, "umevaa makoti haya miaka hamsini. Hukujua?"

Hakujua. Katika jumba la opera la hapa kulikuwa na mama mmoja kutoka Soweto aliyetunza mavazi ya jukwaani. Kila mara kabla ya kumfunga vifungo aliweka viganja viwili mgongoni kwake na kumwambia, "Vuta." Akivuta, ndipo anafunga. Kwa miaka yote ile alidhani ni namna yake ya kumtakia heri. Alimjua kwa jina la kwanza tu, na hakuwahi kumuuliza alijifunza wapi.

"Na ulipoishiwa pumzi mjini, miaka tisa iliyopita," niliuliza, "koti lilikuwa limeshonwa na nani?"

Akaanza kukumbuka. Mke wake alikuwa mgonjwa wakati ule, yeye akakonda, akalipeleka koti kwa fundi wa haraka likapunguzwa. Ilikuwa ile safu ya tatu ya matundu. Sikuwa na hakika, na yeye pia hakuwa nayo, maana huzuni nayo hubana kifua. Tuliliacha swali hilo lilale pale juu ya zulia. Aliinua simu akampigia kiongozi wa chama.

Zilibaki siku nane. Jumatatu nilikwenda Mayfair, kwa Msomali mmoja anayeuza vitambaa vya suti, nikamfungulisha roli sita nyeusi mpaka akaniambia, "Ndugu, nyeusi ni nyeusi." Nyeusi si nyeusi. Ya saba ndiyo ilikuwa yenyewe. Nilifumua mgongo wote wa koti nikatia marinda mawili marefu yaliyojificha, moja kila upande wa uti wa mgongo, na kwapani nikaweka viraka vinavyofuata mkono. Mtu akitulia, marinda yanajifunga, huoni kitu. Akivuta pumzi, yanafunguka. Nilimfanya mzee aimbe kila hatua, nimekaa nyuma yake na sindano, na yeye kwa kulipiza akanifanya na mimi nivute pumzi ya mgongoni badala ya kukaza koo. Nilihisi kizunguzungu siku mbili. Ya tatu dada alipaza sauti kutoka saluni kuuliza ni nani huyo anayeimba.

Jumapili ya tamasha kanisa lilijaa. Wazee wa Kensington mbele, na nyuma akina mama wetu na vitambaa vyao vya kichwani, ambavyo mwalimu alikuwa ameviomba visiwe virefu mno na hakuna aliyemsikiliza. Okestra ilikuwa ya watu kumi na wanne. Kwaya tulisimama kwenye ngazi nyuma yao, na mzee alisimama mbele yetu, amewaelekea watu. Kwa hiyo wao walimwona uso. Mimi nilimwona mgongo.

Alipoanza, macho yangu yalikwenda kwenye marinda na hayakutoka tena. Yalifunguka. Yalijifunga. Yalifunguka. Nilikuwa nikitazama kila mshono, upande wa kulia ambako uzi ulinikatikia usiku wa kuamkia juzi, upande wa kushoto ambako nilirudia mara mbili. Ilipofika ile sentensi ya mwisho, alisimama kidogo, na nikaona mgongo wote unajaa, marinda yakafunguka mpaka kwenye mwisho wake, pana kuliko siku yoyote dukani. Nikasema moyoni, shika, shika, uzi wangu, shika. Yakaanza kurudi, unywele kwa unywele. Yalirudi mpaka yakafungana kabisa, na koti likawa laini kama halijawahi kuguswa.

Pale ndipo kwaya inapoingia kwa nguvu, sauti ya tatu kwanza. Wenzangu wote waliingia. Mimi sikuingia. Nilikuwa nimesimama mdomo wazi, machozi yakinitiririka, na mwalimu wetu, aliyekuwa ameketi safu ya pili, alinitumbulia macho kiasi kwamba mpaka leo nikimkumbuka nanyooka.

Baadaye, katika chumba kidogo nyuma ya madhabahu walikotundika makoti, watu walikuja kumshika mzee mkono, mmoja mmoja, mpaka wakaisha. Tukabaki wawili. Alikuwa mwekundu, ametulia, ana furaha kama mtu aliyeshusha mzigo na sasa hajui aweke wapi mikono. Nilimsaidia kuvua koti.

"Haya, niambie," alisema. "Wewe ni sauti ya tatu. Ilikuwaje?"

Ningeweza kusema ilikuwa nzuri sana. Kila mtu alikuwa amesema hivyo. Lakini nilishamficha jambo siku tatu, na zilinitosha.

"Mzee, sikusikia," nilisema. "Hata nota moja. Nilikuwa natazama mshono."

Kisha akaenda akafunga mlango, akanisukuma nikae kwenye benchi, akasimama na shati lake lililolowa jasho, na akaimba yote tangu mwanzo, kwa sauti ya chini, ya watu wawili. Nililiweka koti pembeni. Sikutazama mgongo wake wala kifua chake. Nilisikiliza, na ilipokuja ile sentensi ndefu nilifumba macho nikavuta pumzi pamoja naye, na yeye akafika, na mimi sikufika.

Hakuimba tena baada ya hapo. Mwaka 2018 alihamia Durban kwa binti yake, na akinipigia simu ananiambia kwamba anaamka vizuri, anakula vizuri, na haoni tena haja. Watu waliokuwa kanisani siku ile, nikikutana nao barabarani, hujisifu kwamba walimsikia mara yake ya mwisho. Mimi huwaitikia tu. Sijawahi kuwasahihisha.